Mama wa Mbao Aliyefagia Zizi

Vijana wangu wa karakana, patasi zangu mmeshagawana, na zile motere mbili za kupanguza kioo cha gari nimeona zimetoka kwenye sanduku kabla sijaaga vizuri. Haidhuru. Chukueni. Lakini kabla ya mmoja wenu kuanza kujiita Injinia hapa Baraka, asome kwanza karatasi hizi. Jina lile nililitoa kwenye mbao, kwa mkono huu wenye vidole vinne na nusu. Shule haikunipa. Shule mimi niliishia mwaka wa tatu: mwalimu alikuwa bado anatufundisha kugawanya, vita ikatugawanya wenyewe, wengine ng'ambo ya ziwa, wengine milimani, na niliporudi nilikuwa na ndevu. Nani anamrudisha mtu mwenye ndevu mwaka wa tatu?

Ninyi kazi yangu mnaijua. Asiyenijua nimwambie: nilikuwa natengeneza watu wa mbao wanaojisogeza. Wa kutisha ndege kwenye mpunga, wa mchezo wa Pasaka kanisani, na zaidi wale wa kuweka mbele ya nyumba siku za Noeli ili majirani waje kuangalia. Mtu wa mbao anayeinama, anayeinuka, anayegeuza shingo na kukuangalia wewe uliyekuja bila zawadi. Kutoka Makobola mpaka Fizi kule juu, ukiona sanamu inatikisa kichwa na haianguki, ni yangu. Ikianguka, ni ya mwingine.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa chombo chochote. Nilikwenda Swima kwa Muzee Sumaili, aliyekuwa anaziba mitumbwi na kuchonga, nikamwambia nataka kujifunza. Akaniangalia kutoka miguu mpaka kichwa, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye shamba lake la mpunga, akaniambia:

"Simama pale katikati. Leo we njo sanamu."

"Muzee, nilikuya kujifunza kuchonga."

"Utachonga nini, na haujuwe kusimama? Tingiza mikono."

Nikatingiza mikono tangu asubuhi. Mwanzo ndege walikimbia. Jua lilipokuwa la kichwa walianza kurudi, na alasiri ndege mmoja alikuwa anakula mpunga karibu na mguu wangu kama tumezaliwa tumbo moja. Muzee akaja na muhogo wa kuchoma, akakaa, akala wote mbele yangu.

"Umeona?" akasema. "Kintu kinatingizika saa yote, ndege banakizowea. Kesho utanyamaza. Unyamaze mpaka basahau, kiisha ushituke mara moja."

Kesho yake nikanyamaza, nikashituka, na ndege wote wakahamia kwa jirani, ambaye alikuja kulalamika. Kwa hiyo kazi yote niliijua kwa siku mbili, na miaka iliyofuata ilikuwa ya misumari tu. Andikeni hilo ukutani kwenye atelie, karakana yetu hii: sanamu inatisha kwa kunyamaza. Nyinyi vijana mnafunga motere, mnaiwasha, inazunguka kama feni, kiisha mnashangaa watu wanapita bila kusimama.

Muzee Sumaili hakuwa na motere. Alikuwa na vitu vitano, na mimi nilivitumia mpaka mwisho. Cha kwanza, uzi wa nailoni wa wavuvi, maana hauonekani. Cha pili, vyuma vyembamba vya gurudumu la baiskeli, vinavyosukuma na kuvuta bila kupinda. Cha tatu, mpira wa ndani wa gurudumu uliokatwa vipande, wa kurudisha mkono mahali pake. Cha nne, bati la nyanya lenye mchanga na tundu chini: mchanga ukitoka polepole uzito unapungua, na kichwa kinainuka kidogokidogo mpaka watu wanashikana mikono. Cha tano kilikuwa ni kipande cha mbao cha mviringo ambacho tundu lake halikuwekwa katikati bali pembeni. Kikizunguka kinasukuma, kinaacha, kinasukuma, kinaacha. Muzee alikiita tumbo la mimba. Mfaransa fulani wa shirika aliwahi kuniambia jina lake la kitabuni, nikamjibu la kwetu linaeleweka zaidi, hata yeye akakubali.

Nilipotoka kwa Muzee nilifungua atelie yangu Baraka, kando ya barabara ya kwenda ziwani. Hapo ndipo nilipoleta mambo ambayo hata Muzee hakuyafikiria: motere ya kioo cha gari, batri ya pikipiki, pano ya jua juu ya bati. Nyoka wa bustani ya Edeni aliyetengenezwa kwa minyororo miwili ya baiskeli alikuwa wangu, yule aliyemfanya katekista aruke kutoka altare mpaka kwenye ngoma. Lazaro pia alikuwa wangu, na juu ya Lazaro lazima niwe mkweli kidogo.

Mfanyabiashara mmoja wa ndagala, samaki wadogo wa ziwani, alitaka Lazaro afufuke kwenye parsele yake, yaani uwanjani kwake, mbele ya wageni. Mimi nilitaka afufuke kwa nguvu, nikaweka mpira wa gurudumu la lori. Wageni wakakaa, kwaya ikaimba, nikavuta kishikio. Lazaro hakufufuka, aliruka. Alipita juu ya mahema, akaanguka kwenye sinia ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mbuzi wa wenyewe alikata kamba akakimbia, tulimkuta siku mbili baadaye. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kanisani: "Ule hakufufuka, ule alikuwa anakimbia bibi yake." Mpaka leo kuna watu wanaoniamkia "Jambo, Papa Lazaro". Nafundisha hivi: mpira wa baiskeli unatosha.

Sasa nifike kwenye kazi kubwa ya maisha yangu, ambayo ilikaribia kunikosesha mke.

Mke wangu, Mama Neema, ni mtoto wa Swima. Nilimpata nikiwa bado naziba mitumbwi kwa Muzee, na mwaka wetu wa kwanza tulikaa kwenye nyumba ndogo nyuma ya parsele ya wazazi wake. Kwa ukoo wao, mwanaume na mama wa mke wake hawaangaliani usoni. Akija njiani, mi natoka njiani, naingia kwenye muhogo mpaka apite. Hatuli pamoja, hatusemezani, na jina lake silitamki. Hata hapa siliandiki. Nitasema Mama Mukwe na mtanielewa. Akiwa na neno kwangu, anampa mtu mwingine alilete, hata kama mimi nimesimama hapo nasikia yote.

Lakini mlango wa nyumba yetu ulitazama parsele yao. Na kila asubuhi, saa kumi na mbili, Mama Mukwe alikuwa anafagia, mgongo wake kwetu, ufagio wa njiti za ngazi, mti wa mawese, mkononi. Heshima ilinikataza uso wake. Kuhusu mgongo hakuna mtu aliyesema kitu. Mwaka mzima nilikunywa chai yangu nikiangalia mgongo ule.

Miaka ikapita, tukahamia Baraka, jina langu likakua. Kila Noeli nilikuwa naweka watu wa mbao mbele ya nyumba yangu, na kila mwaka lazima mmoja awe mpya, maana watu walikuwa wanakuja toka mbali na wangesema Injinia ameishiwa. Yosefu alikuwepo, wachungaji walikuwepo, ng'ombe alikuwa anatafuna. Mwaka ule nikajiuliza: zizi lile nani alilifagia? Biblia haisemi. Lakini mtoto hawezi kulazwa kwenye mavi ya ng'ombe na mama yupo anaangalia. Lazima kulikuwa na mwanamke, mke wa mwenye zizi, aliyeinama akafagia. Nikamchonga.

Nilifanya kazi ile miezi miwili, na sijafanya nyingine kama ile. Mama mzima, urefu wa mtu, ameinama kidogo, kikwembe kiunoni, ufagio wa njiti za ngazi. Nilimpa matumbo ya mimba matatu kwenye motere moja. Anafagia mara tatu. Ya tatu haijaisha, bega la kushoto linapanda, kama mtu anayefukuza nzi bila kuacha kazi, linashuka, kiisha ananyamaza. Anafagia tena. Uso sikuuchonga. Kila nilipoweka patasi pale mkono ulikataa, nikaona basi, atavaa kitambaa mpaka kwenye paji, na anainama, nani atamwangalia chini?

Siku ya Noeli, saa tisa ya mchana, parsele ilijaa. Nikatoa hotuba fupi juu ya akili yangu. Nikawasha batri. Mama wa mbao akafagia mara tatu, bega likapanda, akanyamaza.

Hakuna aliyepiga makofi. Kiisha mama mmoja muuza samaki, mtu wa Swima, akaweka mkono mdomoni na kupiga kelele:

"Eee Mungu wangu! Si ni Mama..." na akataja jina lile ambalo mimi silitaji.

Parsele ikapasuka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu akasema, "Ata kiuno! Ata kiuno njo yake!" Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya mandazi. Hakucheka. Akaweka sinia chini polepole, na mtu aliyeoa anajua polepole ya namna ile.

"Baba Neema. Ule ni nani?"

"Ni bibi ya mwenye zizi."

"Bibi ya mwenye zizi iko na bega ya mama yangu?"

"Mabega ya batu inafanana."

Akaenda mpaka kwenye sanamu, akainama, akainua kitambaa, akaona mbao tupu.

"Na uso iko wapi?"

"Uso... haina uso."

"Njo ulijuwa ni nani!" akasema. "Kama ungekuwa haujuwe, ungeweka uso yoyote. Uliogopa uso ju ulijuwa mugongo ni ya nani. Umemuweka mama yangu ku barabara, batu bamuangalie kiuno."

Naapa sikujua. Mikono yangu ndiyo ilijua. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuangalia mtu mmoja anafanya kazi siku nyingi hivyo, na nilipotafuta mwanamke wa kufagia, mikono ilileta yule iliyemjua. Lakini nenda ukamweleze hivyo mke wako mbele ya watu mia wanaocheka.

Asubuhi yake Mama Neema alipanda pikipiki na mtoto wetu wa mwisho, akaenda kwao Swima.

Siku za kwanza nilijisemea, mtu aliyemfufua Lazaro hawezi kushindwa na sufuria. Nilishindwa. Bugali wangu ulikuwa na mabonge ambayo ningeweza kuyachonga. Mwisho wa juma akaja kaka wa mke wangu, shemeki yangu Wilondja, mtu mrefu anayependa kuleta habari mbaya akiwa ameketi vizuri. Akaomba maji, akanywa, akaomba tena.

"Shemeki," akasema, "familia ilikaa."

"Banasema nini?"

"Banasema ukuye nayo Swima, ile mama. Mbele ya batu bote uipasue na mukono yako. Kiisha bibi yako atarudi."

"Na kama sitaki?"

"Kama hautaki, ubakie na ile ya mbao. Ila ile haipikake." Akasimama. "Ukuje na shoka. Yetu haikate."

Vijana wangu, mi nawaeleza kazi na sitajificha: sikwenda. Majuma matatu sikwenda. Nilimpenda mke wangu, lakini ile ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizofanya, na mtu kuniambia niipasue kwa mkono wangu ilikuwa sawa na kuniambia nikate kidole kile cha nusu kinachobaki. Nikatafuta njia ya pembeni. Nilibadilisha kikwembe. Nilihamisha bega kutoka kushoto kwenda kulia, kazi ya siku mbili, nikalirudisha maana kulia lilikuwa la uongo. Mwisho nikachukua manyoya ya mbuzi nikambandika ndevu. Nikamwita jirani aangalie. Jirani akazunguka sanamu mara mbili, akafikiri.

"Sasa," akasema, "ni mama mukwe yako iko na ndevu."

Usiku ule nilikula bugali wa mabonge peke yangu, na ng'ombe wa mbao alikuwa ananiangalia. Asubuhi nikaita pikipiki.

Tulimkalisha mama wa mbao katikati, kati ya dereva na mimi, nimemshika kiuno ili asianguke, batri mgongoni, shoka begani. Njiani watu waliamkia: "Jambo mama!" na dereva aliwajibu kwa niaba yake. Kwenye kilima kimoja akaniambia, "Papa, huyu mama njo abiria wa kwanza hapige kelele ju ya mwendo."

Pale Swima familia yote ilikuwa imekaa. Mama Mukwe alikuwa kwenye mlango wa jikoni, juu ya kigoda, amenipa mgongo, kikwembe kichwani. Mke wangu alisimama karibu naye na hakuniamkia. Nikasimamisha sanamu katikati ya parsele. Wilondja akachukua shoka, akajaribu makali kwa kidole, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

Ndipo tukasikia sauti kutoka jikoni.

"We mama."

Mke wangu akaitika.

"Si weye. We mama wa mbao. Mbele bakupasuwe, fagia kwanza nione."

Watu wakaangaliana. Kumbe desturi inasema hawezi kusema na mimi. Haisemi kitu juu ya kusema na mbao. Lakini ili yeye aangalie sanamu ilibidi ageuke, na mimi nisimwone. Kwa hiyo nikaunganisha waya, nikageuka, nikaangalia muhogo. Sehemu hii nawaandikia kwa masikio.

Nikasikia ufagio wangu: sha, sha, sha. Kimya. Sha, sha, sha. Kigoda kikalia, mtu amesimama. Miguu isiyo na viatu ikapita nyuma yangu. Kiisha nikasikia ufagio wa pili.

Alikuwa anafagia kando ya sanamu. Fagio mbili, moja ya mbao na moja ya nyama, parsele moja. Na mimi, mgongo wangu kwao, nilisikia mara moja kitu ambacho mwaka mzima wa kuangalia haukunionyesha: hazikwenda pamoja. Tatu za kwanza sawa. Kiisha wangu ulichelewa kurudi, maana bega la sanamu lilipanda mapema, likauvuta mkono kabla haujamaliza. La Mama Mukwe lilipanda mwisho.

"We mama wa mbao," ikasema ile sauti, bila kuchoka hata kidogo, "ambia mwenye alikutengeneza: bega yangu inapandaka nyuma ya kufagia. Haipandaki mbele. Nani anapandisha bega na hayachoka? Anafikiri mi nafukuzaka nzi?"

Nilikuwa nafikiri hivyo hasa. Miaka yote nilidhani ni nzi. Lilikuwa bega linalouma.

Nikasema, nikiangalia muhogo: "Mama wa mbao, ambia mwenye parsele mi naomba dakika kumi."

"Ambia yeye afanye mbio, jua inapanda."

"Na hii shoka," akauliza Wilondja, "niishikilie mupaka saa ngapi?"

"We nawe kaa chini," mama yake akamwambia, naye akakaa.

Mama Mukwe akarudi kwenye kigoda, akanipa mgongo. Nikachukua bisibisi, nikafungua visi, nikalegeza lile tumbo la mimba la bega, nikalizungusha robo moja, nikafunga. Kazi ya dakika nne. Hizo sita nyingine nilikaza kila visi mara mbili. Nikawasha, nikageuka kwenye muhogo wangu. Miguu ikapita tena. Sha, sha, sha. Kimya. Sha, sha, sha.

Nikasubiri kusikia fagio mbili. Nilisikia moja. Nikadhani yeye ameacha kufagia. Sikuelewa mpaka mke wangu alipoanza kucheka, kwanza kwa pua, kiisha kwa sauti, na parsele yote ikamfuata. Zilikuwa mbili. Zilikuwa zimepatana.

"Haya," ikasema sauti. "Mama wa mbao, weye utabakia hapa, unisaidiye kazi. Ule wa nyama arudi kwa bwana yake."

"Mama!" akasema mke wangu. "Unanibadilisha na ubao?"

"Ubao haunijibuke." Kiisha: "Na uambie ule Injinia: hizi ndevu ku kidevu yako ni za nani?"

Ndevu za mbuzi. Nilikuwa nimezisahau.

Tangu siku ile, kila mwaka mbele ya Noeli nilikwenda Swima kutia mafuta kwenye sanamu, na kila mwaka Mama Mukwe alizungumza nami kupitia yeye. "Mama wa mbao, ambia huyu mutu amekonda." "Mama wa mbao, ambia huyu mutu binti yangu alisema hakuziba bati mupaka leo, maji inaingia." Na mi nilijibu kupitia yeye. Muzee Sumaili alinipa siku mbili za shule. Yule mama alinipa miaka, na hakunisifu hata mara moja. Wengine mnajua kila sanamu iliyotoka kwenye atelie baada ya hapo naipima kwa masikio, nimegeuka. Mlikuwa mnacheka nyuma yangu, nilikuwa nasikia. Sasa mmejua kwa nini.

Miaka ya mwisho hii mteja mmoja alinionyesha kwenye simu Wazungu fulani ambao mwisho wa mwezi wa kumi wanaweka mifupa ya watu mbele ya nyumba zao, inatingizika na kucheka, na watoto wanapita kuomba bonbon, yaani pipi. Akaniuliza, "Injinia, utaweza?" Kuweza halikuwa swali. Lakini huku kwetu mifupa hatuiweki mbele ya nyumba kwa kucheka, nikamwambia achague mchungaji. Ila niliangalia ile simu mpaka moto wa batri ukaisha, na nawaambia: mifupa yao inatingizika bila kupumzika. Muzee Sumaili angewasimamisha kwenye mpunga siku mbili.

Kiisha bega langu la kulia likaanza kukataa patasi. Daktari akasema pumzika. Siku moja nilikuwa nafagia vumbi la mbao, mke wangu akapita, akasimama, akashika mlango kwa kicheko: "Baba Neema, ata we?" Bega langu lilikuwa limepanda. Lilipanda nyuma ya kufagia, mahali pake. Hapo nikajua kazi imekwisha.

Mwezi uliopita nilikwenda Swima mara ya mwisho kama fundi. Mama Mukwe hafagii tena, miguu imechoka. Anakaa kwenye kigoda mlangoni, na mama wa mbao anafagia mbele yake nusu duara moja ya udongo, safi kama sahani. Nikaweka mafuta. Nikamwambia sanamu kwamba naacha kazi.

Ufagio ukapita mara tatu. Kiisha: "Mama wa mbao, miaka yote hii uko bila uso. Ambia huyu mutu, mbele aache kazi, akuweke uso."

"Mama wa mbao," nikasema, "ambia mwenye parsele mi siijuwe uso yake. Sijaiona ata siku moja."

Nikasikia kigoda kikilia.

"Mi njo mwenye heshima," akasema, na mara ya kwanza neno halikupita kwa mbao. "Mi njo naiondosha. Geuka. Angalia mbio, jua inanichoma."

Nikageuka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uso wa hasira. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa najua mgongo mkali, sauti kali, bega kali. Kumbe uso ule ulikuwa umejaa mikunjo ya kicheko, kila pembe ya jicho, kila upande wa mdomo, mikunjo ya zamani, iliyokaa mahali pake siku nyingi. Miaka yote ile, akiwa amenipa mgongo, alikuwa anacheka.

Nikachukua patasi nikachonga kicheko, bega likiniuma, siku nzima. Hakuna fundi hapa Baraka, wala Uvira, anayeweza kuchonga kicheko kama kile, na nawaruhusu mwende kuangalia. Jioni nikamgeuza mama wa mbao amwangalie mwenyewe. Mama Mukwe akainamisha kichwa huku, akainamisha kule, akamwangalia vizuri sana.

"Mama," akamwambia, "amekupa meno mingi. Mi niko na nne tu."

Sikupunguza hata moja.